Simu Kubwa ya Kumtazama Prudence

Benchi ni langu. Niseme mapema, mtu asije akadhani kijiwe hiki kilianzishwa na kamati. Mimi ni fundi wa viatu, hapa Bunia, kwenye kona ya kuingilia mtaa wa Saio, na benchi nililiweka kwa ajili ya wateja wanaongoja kushonewa. Wateja hukaa dakika kumi wakaenda zao. Hawa wengine wamekaa mwaka wa sita sasa na viatu vyao vizima. Yupo Blanchard, mwenye kibanda cha simu hapo pembeni, tunayemwita Garantie kwa sababu hajawahi kumpa mtu garantie, yaani dhamana, ya kitu chochote. Yupo Zacharie, aliyegombea uchaguzi akapata kura kumi na nne, na tangu hapo jina lake ni Depité, yaani mbunge. Yupo Aaron, aliyechimba dhahabu upande wa Iga Barrière mpaka kifua kikamkatalia. Huyo ni Karati. Na yupo Abdoul na birika lake la kahawa ya tangawizi, mtu wa maneno machache, maana sisi ya kwetu yanatosha. Asubuhi hiyo kulikuwa na wingu zito lisilotaka kunyesha, na kwenye benchi palikuwa na kitu kigeni: boksi la simu, jeupe, plastiki yake bado haijatolewa.

Garantie: Mille deux cents dolar, elfu moja na mia mbili. Lakini kwa Anaclet huyu, juu ni ndugu, analeta pikipiki, anabeba simu. Asiongeze ata franga moja.

Karati: Pikipiki nzima juu ya simu? Weye uko na kichwa kweli?

Garantie: Usiite hii simu. Ekra yake, kioo yake, iko sawa dirisha.

Depité: Ndugu zangu, bahenga balisema haraka haraka haina baraka. Njo maana Anaclet anunue leo leo, mbele Garantie abadilishe roho.

Karati: Tuone basi hiyo dirisha. Fungua boksi.

Garantie: Nifungue? Ukifungua boksi, bei inaanguka. Simu ya kufunguliwa ni sawa nyama ya jana.

Karati: Weye mwenyewe ulishaiona ikiwaka?

Garantie: Nilisoma juu ya boksi.

Basi tukaanza kuhukumu simu ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyeiona. Anaclet mwenyewe alikuwa ameketi mwisho wa benchi, kimya, ufunguo wa pikipiki umo kiganjani. Ni motard, mwendesha pikipiki ya abiria, wa siku nyingi, na abiria humwita Pole-Pole kwa sababu hajawahi kumkimbiza mtu yeyote. Pikipiki ile ndiyo inayoweka sufuria yao mekoni. Mtu kama huyo anapotaka kuitoa kwa ajili ya simu, ujue habari si ya simu.

Habari yenyewe ni hii. Anaclet na mkewe Marie-Claire walikuwa na kijiji chao huko Djugu, na walikuwa na binti, Prudence. Siku kijiji kilipochomwa, miaka miwili iliyopita, kila mtu alishika njia iliyokuwa mbele yake. Wazazi walitokea barabarani wakafika Bunia. Prudence, miaka kumi na tisa, alionekana mara ya mwisho na wasichana wenzake wakielekea upande wa ziwa. Mtoto huyo nilimjua. Siku za soko alikuwa akiteremka mjini na baba yake, na mara moja aliniletea viatu vya kushona, akanikabidhi kwa mkono wa kushoto. Nikamgombeza: mtu mzima hapewi kitu kwa mkono huo. Akacheka, akaniambia ule wa kulia haujui kazi.

Mwezi uliopita wazee wa ukoo walikaa. Wakasema miaka miwili imetosha, mama hawezi kuendelea kuamka kila siku akisikiliza mlango. Jumamosi hii yangefanywa matanga, bila mwili, kwa picha iliyowekwa kwenye fremu, na baada ya hapo jina la Prudence lingetajwa na neno marehemu mbele yake. Anaclet alikubali. Kisha, wiki moja kabla, mtu akatuma picha kwenye grupu ya WhatsApp ya kwaya yao. Kambi ya wakimbizi, ng'ambo ya ziwa, upande wa Uganda. Wanawake wamepanga mstari kwenye bomba la maji, na nyuma yao, nje ya mstari, amesimama msichana wa kitambaa chekundu, amegeuka upande.

Aliyeituma alisema ametumiwa na mwingine, na huyo na mwingine, mpaka tukafika kwenye namba isiyojibu. Na simu ya Anaclet ni ndogo, kioo kimepasuka pembeni. Uso wa yule msichana mle ndani haukuzidi punje ya mchele. Wiki nzima tuliuvuta kwa vidole viwili, kwenye simu yake, kisha kwenye simu zetu. Kila tukiukuza, unageuka ukungu.

Anaclet: Mi nauliza kitu moja tu. Nikiweka foto mule ndani, nitaona sura yake?

Garantie: Utaona mpaka nyusi. Hii simu inapiga foto ya mwezi. Mwezi ya kule juu! Inaonesha mashimo yake.

Karati: Mashimo ya mwezi tutafanyia nini? Mi nilikaa mu mashimo miaka kumi na mbili. Munajua kile kiko ndani ya hiyo simu? Dhahabu. Yetu. Inatoka hapa sawa vumbi, tunaipima na kijiti cha kiberiti, inaenda zake. Inarudi na boksi nyeupe, tunatoa pikipiki.

Garantie: Dhahabu ya ndani ya simu ni kiloko sana, kidogo tu.

Karati: Kiloko, lakini inajua kwao. Unafikiri juu ya nini simu zinachemuka mufukoni hapa Ituri? Inasikia harufu ya kwao. Simu ndogo inachemuka tu. Hii kubwa, siku utapita nayo karibu na shimo, itakuvuta weye na suruali yako mpaka chini.

Depité: Hiyo ni kidogo. Munisikilize mimi, nilikaa kwenye mikutano. Ekra kubwa ni liste, ni orodha ya majina. Ukiwasha tu, kule Ulaya banaona: Anaclet, deplasé, mutu alikimbia vita, iko na simu ya mille deux cents. Banafuta jina lake kwenye liste ya unga. Kisha la bibi yake. Kisha la jirani, juu alikaa naye karibu. Bahenga balisema: mwenye macho haambiwi tazama.

Karati: Hiyo methali inaingia wapi hapa?

Depité: Inaingia. Itatafuta fasi yake.

Tulicheka. Nami nilicheka, kisha nikaona aibu, kwa sababu Anaclet alikuwa akitungoja tumalize kucheka kama anavyongoja abiria akitafuta chenji. Abdoul akamjazia kikombe bila kuombwa. Nikaona afadhali niseme mimi, hata kama benchi litanikasirikia.

Mimi: Anaclet, unisikilize. Ile foto ilishapita mu simu mia. Kila simu inaikula kidogo. Kiatu ikiisha soli, ata uinunulie boksi kubwa, soli hapana rudi.

Garantie: Weye fundi wa viatu, ongelea viatu.

Mimi: Njo ninaongelea.

Garantie: Basi mi nitawaambia kitu chenye sikutaka kusema mbele ya Depité, juu atakipeleka kwenye mukutano. Hii simu iko na akili. Kweli kweli, akili. Sura ikikosa kuonekana, yenyewe inamalizia. Inaweka macho, inaweka pua, inaweka midomo. Inatoka propre, safi, sawa foto ya pasipoti.

Hapo hatukucheka. Pikipiki mbili zilipita, vumbi likaingia kwenye vikombe, na hakuna aliyefunika chake.

Anaclet: Inaweka macho ya nani?

Garantie: Ya... ya mutu. Inatafuta yenye inafaa.

Karati: Kumbe itamupa sura yenye haiko.

Garantie: Sikusema vile.

Karati: Ulisema vile vile.

Depité: Kidogo kidogo hujaza...

Hakumalizia. Anaclet alikuwa ameinua uso, na ni mara ya kwanza asubuhi hiyo nilimwona akitutazama mmoja mmoja.

Anaclet: Ata vile. Ikinitolea sura ya Prudence, mi hapana ikataa. Jumamosi bataweka ile foto yake ya shule kwenye meza, batawasha mishumaa, mi nitasimama mbele ya batu niseme mutoto wangu alikufa. Nitasemaje? Nani alimuona akikufa? Nikiwa na ile sura kwenye ekra, nitawaambia: hapana, anachota maji.

Akafungua kiganja, akauweka ufunguo wa pikipiki juu ya boksi.

Roho iliniuma, sitaficha. Nimeshona viatu vya watu waliofika hapa kwa miguu kutoka mbali, viatu visivyo na kisigino, visivyo na kamba, na sikuwahi kukosa la kumwambia mtu. Nikamtazama Garantie. Boksi lile lina miezi miwili kibandani, pesa zake zote zimelala humo, na pikipiki ndiyo ingemtoa. Lakini hakuugusa ufunguo. Aliutazama tu, mikono ameibana katikati ya magoti.

Hapo ndipo alipotokea mwanamke mmoja, mkoba begani, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi. Alikuwa ameshuka kwenye pikipiki kutoka Nyankunde, kamba ya kiatu imekatika njiani. Jina lake Solange, alituambia hivyo alipokuwa anasalimu, kila mtu kwa mkono kama inavyopasa.

Depité: Karibu mama. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Nilichukua kiatu. Depité alisogeza boksi na ufunguo wake ili mama apate pa kukaa.

Solange: Bapapa, pole kwa kuwasumbua. Lakini mumenyamaza sawa batu ba matanga.

Depité akamweleza. Kueleza anaweza, kura kumi na nne hazikuja bure. Alimweleza kijiji, njia ya ziwa, matanga ya Jumamosi, picha, punje ya mchele, simu yenye akili, pikipiki. Solange alisikiliza, mguu wake mtupu ukiwa juu ya mwenzake. Nilidhani ataomba kuiona picha, kama kila mteja wangu wiki ile. Hakuomba. Alimgeukia Anaclet.

Solange: Pole sana, papa.

Anaclet: Asante, mama.

Solange: Na mama yake alishaona hii foto?

Sindano iliniganda kwenye ngozi. Picha ile tulikuwa tumemwonesha mchungaji. Tulimwonesha fundi wa simu wa sokoni, na mwalimu wa kwaya, na watu waliokuja kubadilisha soli na hawakumjua Prudence hata kwa jina. Kila mmoja wetu kwenye benchi aliivuta kwa vidole vyake mara ishirini. Marie-Claire anaishi hatua mia nne kutoka hapa nilipoketi.

Depité: Bahenga balisema...

Tukamngoja. Akatafuta, akatafuta.

Solange: Ao mama alishakufa?

Mimi: Hapana. Iko. Iko hapa Saio.

Solange: Sasa?

Karati alikuwa anatazama ndani ya kikombe chake kama kimeandikwa kitu. Mimi nilitaka kusema kwamba mama alishateseka vya kutosha, kwamba wazee walisema asisumbuliwe na habari za njiani. Ni maneno mazuri, na pengine mtu mwingine angeyaamini. Aliyejibu ni Anaclet, na alijibu akitazama chini.

Anaclet: Ule mama ataangalia mara moja tu.

Akakiweka kikombe chini.

Anaclet: Siye tunaweza kuangalia mwaka muzima. Simu ndogo, simu kubwa, simu ya akili. Ye ataangalia mara moja, kisha itakuwa imeisha.

Kisha akasimama, akaitia simu yake mfukoni, akaanza kupanda njia ya kwenda Saio kwa miguu. Pikipiki ilibaki pale pale, na ufunguo ulibaki juu ya boksi. Garantie alimwita mara moja kwa jina lake, si kwa jina la utani. Hakugeuka.

Nilimaliza kushona kiatu cha Solange. Akakivaa, akakikanyaga mara mbili kukijaribu, akakaa tena. Hakuna aliyemwambia abaki wala aende. Karati alikohoa kikohozi chake cha shimoni. Abdoul aligawa kahawa iliyobaki, kidogo kwa kila mtu, na alipofika kwa Depité aliinamisha birika mpaka likatoa matone na machicha ya tangawizi. Akalifunika.

Abdoul: Imeisha.

Kwa kawaida neno hilo huvunja kijiwe. Siku hiyo tulibaki na vikombe vitupu.

Simu zikaanza kulia moja baada ya nyingine: ya Garantie, ya Karati, yangu, ya Depité. Ulikuwa ujumbe wa sauti kutoka namba ya Anaclet, lakini sauti haikuwa yake. Depité ndiye mwenye simu inayopiga kelele kuliko zote, akaiweka magotini, tukainama. Sauti ya Marie-Claire ilikuwa kavu, ya mtu aliyekwisha kulia mapema kabla ya kubonyeza.

“Ni mama Prudence anasema. Nimeona foto. Huyu mutoto hapana wangu. Muangalie mukono. Anabeba bidoni na mukono ya kuume, bidoni ya maji imejaa. Wangu ni wa kushoto, munajua wote. Asante kwa kumutafuta.” Tukadhani amemaliza. “Lakini huyu naye iko na mama. Na mama yake anamutafuta. Mutume hii foto mbele. Musiikate, musiikuze. Mutume yote.”

Niliifungua picha kwenye simu yangu, safari hii bila kuweka vidole. Uso ulikuwa punje ya mchele, kama siku zote. Lakini mkono ulikuwa wazi kabisa, mkono wa kulia umeshika bidoni ya njano, dumu la maji, bega limeinama kwa uzito. Ulikuwa pale tangu siku ya kwanza, hata kwenye kioo kilichopasuka cha Anaclet. Ila kila tulipoukuza uso, mkono ulitoka nje ya kioo. Na mimi ndiye niliyemgombeza Prudence kwa ajili ya mkono wake wa kushoto. Kuhusu Anaclet sikumwuliza na sitamwuliza, lakini naamini aliuona kabla yetu wote.

Garantie alikuwa wa kwanza kuituma. Alisema ana wateja mpaka Mahagi, akawatumia wote. Karati akawatumia wachimbaji wenzake. Depité akatuma kwa watu wake, na nina hakika hawakuzidi kumi na wanne, lakini alituma bila methali. Solange akatoa simu yake ndogo ya vitufe, akaona haiwezi kupokea picha, akairudisha mkobani.

Solange: Niambie tu namna alivaa. Nitauliza kwa mudomo.

Nikamwambia: kitambaa chekundu, bidoni ya njano, mkono wa kulia. Akarudia mara mbili ili asisahau, akashika njia yake.

Jumamosi Garantie alileta viti vya plastiki Saio juu ya pikipiki ya Anaclet, amevifunga kwa mpira nyuma, na akamrudishia ufunguo mbele ya watu. Boksi jeupe hatukuliulizia tena. Abdoul alikuja na mabirika mawili yaliyojaa. Picha ya shule ilikuwa mezani kati ya mishumaa, na Anaclet alisimama, akasema lile neno alilotakiwa kulisema, akaketi. Nilikuwa nasaidia kugawa kahawa. Nilipofika kwa Marie-Claire kwenye mkeka wake, nilihamisha kikombe, nikampa kwa mkono wa kushoto.

Aliutazama mkono. Akapokea.